Kagua mfuniko kwanza unaponunua jiko boksi la jua
Kwa anayenunua jiko boksi la jua, yaani sanduku lenye mfuniko wa kioo linalopika chakula kwa joto la jua, hapa Dodoma, ambako kiangazi huja na upepo mkali na vumbi, nashauri ukaguzi uanzie kwenye mfuniko, kwa kuwa joto jingi hupotelea hapo. Bana kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo wa boksi, kisha ukivute: kikitoka bila kukaza, pana mwanya. Rudia kila upande, hasa kwenye pembe na karibu na bawaba, mahali ambapo kazi ya haraka hujionyesha mapema. Kioo cha tabaka mbili huhifadhi joto vizuri zaidi kuliko cha tabaka moja.

Muulize fundi bila kuona haya amejaza nini kati ya kuta. Pumba za mpunga au maranda, mradi yawe makavu kabisa, yanafaa. Lakini lile povu jeupe jepesi linalofungashiwa televisheni husinyaa joto linapokaribia nyuzi 100, na kuta hubaki na uwazi usiouona kwa nje. Kiakisi nacho, yaani kibao king'aavu kinachoelekeza mwanga wa jua ndani ya boksi, kitikise kwa mkono, maana kikilegea dukani hakitaustahimili upepo wa Agosti.

Kabla ya kulipa, omba jiko liachwe tupu kwenye jua kali la saa sita mchana kwa muda wa saa moja, likiwa na themometa ya oveni ndani. Lililoundwa vizuri hupita nyuzi 100. Likitoa harufu ya rangi, liendelee kukaa juani bila chakula hadi harufu iishe.