Kuifuata bajeti ya wizara kutoka Wete hadi Chukwani

Kila ukikaribia msimu wa bajeti, vijana wa mtaani kwetu Wete, Pemba, hunijia na swali lile lile: "Bi Mkubwa, haya mabilioni yanayosomwa redioni yanatuhusu nini sisi?" Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ilikuwa uhasibu serikalini mpaka nilipostaafu. Jawabu langu ni kazi ya kufanya: chagua wizara moja, ndani yake jambo moja linalokugusa, ulifuate mwaka mzima. Ukitaka kufuata yote hutafuata hata moja.

Kwanza ujue jambo lako linajadiliwa wapi. Maji, kilimo, afya, skuli na barabara zetu ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na bajeti zake hupitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Polisi, ulinzi na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Hayo yako Dodoma. Nimeona watu wazima wakimlalamikia Mbunge kwa kisima kilichokauka, na Mwakilishi wa jimbo hilo hilo, yaani mjumbe wao wa Baraza la Wawakilishi, hana habari.

Pili, kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kumalizika 30 Juni. Hotuba za mawaziri husomwa Barazani kuanzia Mei, lakini kabla ya hapo kila wizara imeshakaa na kamati yake ya kisekta, yaani kamati ya Baraza inayoisimamia, mezani, kifungu kwa kifungu. Humo ndimo swali lako lina nguvu. Hotuba ikishasomwa, Mwakilishi anabakiwa na dakika chache za kuchangia. Kwa hiyo barua yako iwe imefika Aprili haijesha.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Tafuta hotuba mbili za wizara yako, ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Zinapatikana kwenye tovuti ya Baraza au ya wizara. Usianze na kurasa za mwanzo, za shukurani na pongezi. Fungua viambatisho vya mwisho, kwenye majaduweli. Humo utakuta programu kuu, programu ndogo, huduma zinazotolewa, viashiria (vipimo vya kazi) na fedha.

Kwenye fedha, tafuta nambari tatu: iliyoidhinishwa na Baraza, iliyoingizwa, yaani iliyoifikia wizara kweli, na iliyotumika. Tuseme programu iliidhinishiwa shilingi milioni 400, zikaingizwa milioni 120, na zote zikatumika. Wizara inaweza kuandika kwamba imetumia asilimia 100 ya fedha ilizopata, na haijasema uongo. Lakini kwa ahadi iliyopitishwa na Baraza, hiyo ni asilimia 30. Swali la milioni 280 zilizobaki haliishii kwa wizara. Linakwenda mpaka kwenye Wizara ya Fedha inayotoa pesa, na Kamati ya Bajeti ndiyo yenye kulibeba. Angalia pia kama ni kazi za kawaida au kazi za maendeleo. Mishahara hulipwa, kinachokwama mara nyingi ni maendeleo, yaani kile mlichoahidiwa nyinyi.

Hapa kwenye viashiria ndipo ninapowaomba vijana wakae kitako. Chukua mwani, kwa kuwa wengi wetu Pemba tuna mama au dada anayelima. Utasoma: wakulima kadhaa wamepatiwa mafunzo, boti kadhaa zimegaiwa, kamba zimetolewa. Yote hayo ni kazi zilizofanywa. Hakuna hata moja inayokwambia kama mwanamke anayeshuka pwani maji yakitoka amepata zaidi ya mwaka jana. Mwani tunaolima ni kotonii na spinosamu. Kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini haistahamili joto la maji machache, ndiyo maana inakufa na wakulima wanarudi kwenye spinosamu. Boti zinatolewa ili walime kwenye maji ya kina. Basi kiashiria cha haki ni hiki: kilo ngapi za kotonii kavu zimeuzwa, na kwa bei gani pwani? Kama jaduweli linahesabu boti tu, kamati iulize boti zile zimeleta kotonii kiasi gani.

Na daima uliza mgawanyo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2014/15 ulionesha umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ni asilimia 30.4, wa 2019/20 ukaonesha asilimia 25.7. Ni nafuu, nami naifurahia. Lakini ndani ya wastani huo Pemba iko nyuma sana ya Unguja. Mtu wa Micheweni, huku Pemba, hashibi kwa wastani. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa takwimu hizi. Zisome ukizilinganisha na anachosema waziri.

Kabla hujaandika popote, nenda kwa Ofisa Mdhamini, yaani mkuu wa wizara hiyo hapa Pemba. Nenda kwa adabu, na hotuba mkononi. Mwulize programu ile Pemba ilipata kiasi gani na kimefanya nini. Ukijibiwa vizuri, umepata ushahidi. Usipojibiwa, hilo nalo liandike, kwa tarehe.

Barua iwe ukurasa mmoja. Ipeleke kwa Katibu wa Baraza la Wawakilishi, uiombe ifike kwa kamati husika, nakala mpe Mwakilishi wako mkononi. Taja ukurasa na programu. Swali liwe moja, namna hii: "Hotuba ya mwaka uliopita, kiambatisho kuhusu mwani, iliahidi boti kwa wakulima wa Wilaya ya Micheweni. Katika shehia yetu hatujaiona hata moja. Tunaiomba Kamati iulize boti hizo ziko wapi, na kotonii iliyouzwa wilayani ni kilo ngapi." Matusi na siasa za vyama viacheni nje, barua ya namna hiyo mjumbe hawezi kuisoma mbele ya wenzake. Kamati ikija Pemba kukagua miradi, hudhurieni, na wakulima wenyewe ndio waseme.

Kwa fedha zilizokwisha kutumika kuna njia nyingine. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Zanzibar yupo kwa ibara ya 112 ya Katiba ya 1984, naye ni mwengine, si yule wa Muungano. Ripoti yake ikishafika Barazani, kamati ya hesabu, PAC, humwita Katibu Mkuu wa wizara, ambaye ndiye afisa mhasibu, ajibu hoja, yaani kasoro alizoziandika Mkaguzi. Tafuta hoja inayohusu programu yako na uone kama imefungwa au bado iko wazi.

Hotuba mpya ikisomwa, fungua jaduweli lile lile ulilolitia alama. Ukikuta kiashiria cha mwaka jana kimeondolewa, au lengo limeteremshwa bila ya maelezo, toa kopi kurasa zote mbili, zipige pini pamoja, na uandike barua ya pili.