Ukienda maporomoko ya Sanje, anza asubuhi mapema

Wadau, kama una plani ya kwenda Sanje kule hifadhi ya milima ya Udzungwa, Morogoro, usifike getini Mang'ula saa sita mchana ukidhani utawahi kupanda na kushuka, njia ile ni mlima mtupu na inakula kama masaa manne hivi na picha zako humo humo. Anza mapema, kuna kajua kadogo na mbega wekundu bado wanachezacheza juu ya miti, hao wa aina hii huwezi kuwaona popote duniani zaidi ya Udzungwa na misitu ya jirani.

Sasa viatu. Jamani sendo hapana. Mimi nilienda na raba imelika soli, kushuka nikawa nashuka kwa makalio, watu wananicheka tu. Vaa kiatu chenye meno, na kama juzi kulikuwa na mvua chukua na fimbo, yale mawe karibu na maji yana utelezi wa ajabu. Masika, yaani Machi mpaka Mei, maji yanakuwa mengi na yanapendeza kweli ila njia inakuwa tope.

Maporomoko yenyewe ni mita 170 hivi, yanashuka kwa ngazi ngazi, na kuna sehemu za kuogelea, ila muulize mwongozaji wako kwanza ni ipi salama. Maji baridi balaa! Simu funga kwenye mfuko wa nailoni, ule mvuke unalowesha kila kitu hata ukikaa mbali, na cash beba ya kununulia ndizi ukishuka.