Epidurali ya kiuno: namna ninavyoitafuta nafasi

Nawaandikia wadogo zangu wa usingizi ambao spino (ganzi inayodungwa ndani ya maji ya uti wa mgongo) mnaipiga kila siku, na sasa mmeambiwa mjifunze epidurali (ganzi inayowekwa nje kidogo ya utando unaoshika maji hayo) mkiwa na msimamizi pembeni. Kwenye spino, maji ya uti wa mgongo hutoka yenyewe yakakuambia umefika. Kwenye epidurali hakitoki kitu. Unachosubiri ni ukinzani unaousikia kwenye pistoni ya sirinji upotee, na hutajua umepotea kama hukuujua vizuri ulipokuwepo.

Nafasi yenyewe ni finyu. Kiunoni, katikati kabisa ya mgongo, ina milimita 5 hadi 6 tu, kati ya kano ya manjano (inayounganisha pingili) kwa nyuma na dura, ule utando unaoshika maji ya uti, kwa mbele. Ndani mna mafuta, mizizi ya neva na vena ambazo kwa mjamzito huwa zimejaa. Kutoka ngozini hadi hapo, kwa watu wazima wengi, ni sentimita 4 hadi 6. Sindano ya Tuohy, ndiyo ya epidurali, ina alama kila sentimita 1, zisome unapokwenda.

Mambo ya awali mnayajua: mgonjwa amekubali, damu yake inaganda vizuri, chembe sahani zimeonekana, saa ya mwisho ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inajulikana, hakuna jipu wala maambukizi pale unapodunga. Dripu inakwenda, presha imepimwa, dawa na vifaa vya dharura viko karibu.

Sasa mkao, na hapa sina haraka. Epidurali nyingi zinazosumbua huwa zimeharibika kabla sindano haijafunguliwa. Ukimwambia mama anayejifungua "kunja mgongo", atainamisha shingo na kiuno kitabaki kimenyooka vilevile. Mimi namgusa kiunoni kwa kidole na kusema, "Mama, sukuma mgongo uje kwenye kidole changu." Miguu iko kwenye kibao, amekumbatia mto, mabega yako sawa, na mkunga amesimama mbele yake, si pembeni. Uchungu ukija, natulia na sindano haisogei.

Mstari wa Tuffier, unaounganisha vilele vya mifupa ya nyonga, hukata kwenye pingili ya nne ya kiuno (L4) au kati ya L4 na L5. Kwa mjamzito mstari unaoupapasa mara nyingi huwa juu kuliko unavyodhani, kwa hiyo ukisita kati ya nafasi mbili, chagua ya chini. Kama ultrasaundi ipo, itumie: hesabu pingili kuanzia sakramu (mfupa wa chini ya kiuno, kati ya nyonga) kwenda juu, kisha pima kina. Kama haipo na mgongo ni mnene, muulize mwenyewe: "Kidole changu kiko katikati, kulia au kushoto?" Hujibu sahihi kuliko macho yako.

Tia ganzi ya ngozi, kisha ingiza Tuohy pamoja na waya wake wa ndani sentimita 2 hadi 3. Iachie kidogo. Ikining'inia, bado uko kwenye mafuta. Ikisimama imara, imeshikwa na kano za katikati. Hapo ndipo natoa waya na kufunga sirinji yenye maji ya chumvi.

Mkono wa kushoto ndio wenye kazi. Mgongo wa kiganja unaegemea mgongo wa mgonjwa, vidole vimeshika mbawa za sindano. Huo ndio unaosogeza na ndio breki. Kidole gumba cha kulia kinakandamiza pistoni bila kuachia. Usisukume sindano kwa mkono wa sirinji hata siku moja. Ukifika kwenye kano ya manjano, pistoni inagoma kabisa, na wakati mwingine unahisi mkwaruzo kama wa mchanga. Milimita chache zaidi, pistoni inakwenda yenyewe. Simama hapo hapo.

Wapo wanaotumia hewa, wakigusagusa pistoni kila milimita. Faida yake ni kwamba tone lolote utakaloliona si maji yako. Lakini hewa hubanika, hivyo ujumbe wake kidoleni ni hafifu, na ikiingia nyingi huleta ganzi ya madoamadoa, au maumivu ya kichwa ikipita kwenye dura. Mimi nakaa na maji. Ile mbinu ya tone la maji linaloning'inia kwenye kitako cha sindano hadi lifyonzwe ndani, ya Gutiérrez wa Argentina (1933), inategemea shinikizo hasi ambalo kiunoni si la kuaminika. Dogliotti wa Italia, aliyeeneza njia ya ukinzani miaka hiyohiyo ya 1930, ndiye tunayemfuata.

Kupotea kwa uongo kupo. Ukinzani ukipotea kwenye sentimita 3 kwa mtu mnene, shuku: huenda umetoka pembeni ukaingia kwenye msuli. Kano za mjamzito nazo ni laini. Ukigonga mfupa karibu na ngozi, huo ni mwiba wa pingili. Ukiugonga ndani zaidi, umeacha mstari wa katikati. Rudisha sindano hadi chini ya ngozi ndipo ubadilishe mwelekeo. Kuipinda ikiwa ndani hakusaidii.

Ukifika, soma alama. Nafasi ikiwa sentimita 5, pitisha katheta (mrija mwembamba wa dawa) ndani ya sindano na uache sentimita 4 ndani ya nafasi, yaani alama ya 9 ngozini. Katheta ikikwama, toa sindano na katheta pamoja. Ukiivuta kupitia kwenye sindano inaweza kukatika ikabaki mgongoni.

Maji yakitiririka, yaguse: ya kwako ni baridi, ya uti wa mgongo ni ya uvuguvugu. Kama ni ya uti, usisukume dozi ya epidurali hata kidogo. Mwite msimamizi mwamue kuhamia nafasi nyingine au vinginevyo.

Vuta katheta kwa sirinji uone kama kuna damu au maji, kisha toa dozi ya majaribio kati ya uchungu na uchungu: mililita 3 za lidokaini ya asilimia 1.5 yenye adrenalini mikrogramu 5 kwa mililita. Mapigo yakipanda kwa 20 au zaidi ndani ya dakika moja, uko kwenye vena. Miguu ikiwa mizito ndani ya dakika chache, uko ndani ya dura. Yote yakiwa sawa, toa dawa kidogokidogo, mililita 5 kwa mara, presha kila dakika 5, na pima kiwango cha ganzi kwa pamba yenye spiriti, pande zote mbili.