Somo: Kuandika mchezo wa nyimbo unaoitania Broadway

Tutajifunzia The Drowsy Chaperone, mchezo ulioanza Toronto mwaka 1998 kama burudani ya marafiki waliokuwa wakimsindikiza mwenzao kuuaga ukapera, ukafika Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, mwaka 2006 na kutwaa tuzo 5 za Tony, zinazotolewa kwa michezo bora ya Broadway.

Hatua ya 1. Chagua zama moja ya kutania. Wao walijitungia mchezo wa mwaka 1928: nyota wa jukwaa anaacha kazi ili aolewe, majambazi wawili wanajifanya wapishi wa keki, na msimamizi wa bi harusi (sisi tungemwita kungwi, au somo, ukipenda) amelewa tangu mwanzo.

Hatua ya 2. Tafuta sababu ya yote hayo kuonekana. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Mwanamume mpweke ameketi chumbani mwake akisikiliza santuri kuukuu, na kila anachokisikia kinatokea mbele yetu. Sindano inapokwama, waigizaji nao hukwama, wakirudia neno lilelile na hatua ileile ya dansi, mpaka mwenye santuri ainuke akaiweke sawa. Kichekesho hicho hakihitaji hata neno moja la maelezo.

Hatua ya 3. Tunga nyimbo nzuri kwelikweli, kwa sababu wimbo mbovu hautanii kitu, unachosha tu. Bi harusi anaimba kwamba hataki tena kujionyesha, huku akibadilisha mavazi mfululizo na kufanya viini macho. Mwimbaji dhaifu angeuua utani huo papo hapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, mtazamaji asiyeijua Broadway atacheka?
Jibu: Atacheka, mradi msimulizi aipende santuri yake kwa dhati. Yeye ndiye anayetufafanulia, na wakati mwingine anaungama kwamba hadithi yenyewe ni dhaifu.

Swali: Kwa nini mchezo huo hauna mapumziko?
Jibu: Mapumziko yangetutoa chumbani mwa yule bwana. Badala yake, anakwenda kuweka santuri ya sehemu ya pili, anakosea, na jukwaa linajaa watu wa mchezo mwingine kabisa, ambao wanaimba kwa bidii zote hadi anapowazima.