Somo: Echingi (picha inayochapwa kwa bamba la chuma lililochimbwa kwa dawa) ya gurudumu linalozunguka

Mwaka 1959 msanii Mswisi Jean Tinguely alitengeneza mashine za kuchora zenyewe. Mwaka uliofuata akaunda nyingine New York, kwenye bustani ya MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, ikajivunjavunja mbele ya watazamaji. Sisi hatuvunji kitu. Tunataka gia ionekane inazunguka kwenye karatasi iliyotulia, bila ile mistari ya upepo ya vibonzo, ambayo mimi siipendi.

Hatua ya 1. Kata bamba la shaba la milimita 1 liwe duara. Piga tupa ukingo uteremke, la sivyo utachana karatasi. Lisugue kwa unga wa chokaa na maji mpaka maji yatande bila kujikunja matone. Alama moja ya kidole inatosha kubandua nta utakayopaka.

Hatua ya 2. Paka vanishi ya nta na lami, ikauke, kisha chora kwa sindano. Usikandamize: wewe unafungua nta tu, anayechimba ni dawa. Mimi nilifungua cherehani kuukuu nikachora gia zake.

Hatua ya 3. Vaa glovu na miwani. Tumbukiza bamba kwenye kloridi ya feriki, dawa inayokula shaba, uso ukitazama chini ili masalia yadondoke yasizibe mistari. Baada ya dakika 10 toa, suuza, ziba kwa vanishi mistari ya meno, urudishe bamba ili ekseli na mhimili vichimbwe dakika 20 zaidi.

Hatua ya 4. Safisha nta, paka wino, futa kwa shashi kavu.

Hatua ya 5. Utamu uko hapa. Pitisha bamba na karatasi yenye unyevu kwenye mashine ya kuchapa yenye rola, lakini simamisha rola ikiwa bado imebana ukingo wa karatasi. Funua, zungusha bamba nyuzi 10 bila kuongeza wino, rudisha karatasi, pitisha tena. Rudia mara ya tatu. Kila chapa hufifia kuliko iliyotangulia, na jicho linaona gurudumu limetoka huko linakuja huku.

Maswali

— Fundi, nimezungusha bamba kulia, mbona kivuli kimeangukia kushoto?
Chapa ni kioo, ndugu yangu. Zungusha kinyume cha upande unaotaka kivuli kiangukie.

— Nimechora gia tatu zinazoumana pembetatu. Kaka yangu fundi magari kacheka!
Ana haki. Gia mbili zinazoumana huzunguka kinyume, kwa hiyo tatu kwenye pembetatu hukwama. Achanisha mbili kati yake, au uipe kazi jina la Mgomo.

— Bamba la alumini linafaa?
Si kwa dawa hii. Huchemka kwa joto kali na kutoa hidrojeni.

— Dawa iliyochoka naimwaga wapi?
Si sinki wala mtaroni: shaba huua samaki, na dawa hula mabomba ya chuma. Tia magadi kidogo kidogo kwenye ndoo pana ya plastiki, maana itafura povu. Povu likikoma, acha tope litulie, ulichuje na kulitenga na taka hatarishi.