Anzia kwenye ndoo ya taka

Watu wakiniuliza waanzie wapi kula vya karibu na kuishi mjini bila kuharibu sana, hutarajia niwatajie soko. Mimi huwauliza jana usiku walitupa nini. Wengi hawakumbuki.

Basi tafuta ndoo yenye mfuniko, iweke jikoni, na kwa siku saba tia humo mabaki ya chakula peke yake. Bandika karatasi ukutani, na kila unapotupa andika kitu na sababu: "nyanya 3, zimepondeka chini ya mfuko." Usijibadilishe tabia wiki hiyo, utajidanganya mwenyewe. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilijiona mtu mwangalifu. Kufika siku ya nne nilikuwa nimeandika karoti zilizolegea mara mbili, mkate ulioota ukungu, na fungu zima la mboga za majani ambalo hata kamba yake sikuifungua. Hilo fungu liliniuma. Lilitoka kwa mkulima wa pembeni mwa mji, nililibeba kwa mguu, na njia nzima nilikuwa najisifu moyoni.

Sipo peke yangu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa na majumba, migahawa na maduka duniani kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Kikishafukiwa jaani chini ya taka nyingine huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi.

Ukishaijua orodha yako, nenda sokoni. Hapa nina ugomvi kidogo na wenzangu wanaopima kila kitu kwa kilomita. Mwaka 2008 Christopher Weber na Scott Matthews wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipiga hesabu ya chakula cha familia za Marekani, wakakuta usafiri wote ni asilimia 11 tu ya gesi joto zake. Asilimia 83 ilitokana na uzalishaji wenyewe. Nyanya iliyokuzwa mtaa wa pili ndani ya banda la vioo linalopashwa moto inaweza kuwa na deni kubwa la gesi joto kuliko ile iliyokuja kwa lori kutoka mbali ikiwa imeivishwa na jua. Chakula kinacholetwa kwa ndege ni habari nyingine, hicho nakiacha: mara nyingi ni tunda laini au mboga isiyoweza kungoja, inauzwa wakati si wake. Kwa hiyo mimi hutazama msimu kwanza, umbali baadaye.

Msimu huujui kwa kalenda. Utauona sokoni wenyewe: kitu kimejaa kila meza, bei imeshuka, na wauzaji wanakuongeza bila kuombwa. Nina maswali mawili tu. La kwanza, "Hizi zimechumwa lini?" La pili ndilo langu hasa: "Wiki ijayo kutakuwa na nini?" Anayelijua shamba atakujibu kwamba vitunguu vimekaribia, mvua imechelewesha maharage, na mengine mengi hata usiyouliza. Asiyelijua atakwambia vyote vitakuwepo. Ukimpata wa kwanza, rudi kwake, na umwombe zile zilizopinda au zenye kovu. Sufuria haina macho.

Nyumbani, dakika kumi za kupanga zinaokoa zaidi ya nia njema zote. Karoti zikate majani mara tu unapofika, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Mboga za majani usizioshe kabla ya siku ya kupika. Zizungushie kitambaa chenye unyevunyevu. Ndizi mbivu na matufaha zikae mbali nazo, maana hutoa gesi ya etilini inayoharakisha majani kugeuka manjano. Viazi viwekwe gizani, mbali na vitunguu. Nyanya ambazo hazijaiva vizuri zisiingie kwenye friji, zitapoteza ladha. Maharage makavu ndiyo rafiki wa mtu wa mjini, hayana haraka: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Hasa yale mekundu, yakipikwa kwa moto mdogo tu yanaweza kukusumbua tumbo vibaya.

Hata hivyo maganda yatabaki. Sasa tufike kwenye mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza.

Ndoo yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Niliijaza maganda, nikaifunika kwa nguvu, nikaiweka roshanini. Sikuitoboa pembeni ili hewa iingie, lakini chini ilikuwa na ufa nisiouona. Baada ya wiki mbili nikagongewa mlango na mama wa ghorofa ya chini, ameshika shuka jeupe lenye mchirizi wa kahawia.

"Mwanangu, huko juu umefuga nini?"

Nikasema, "Samahani mama, ni mbolea."

Akalinusa shuka, akanitazama. "Mbolea ya nani?"

Fanya hivi ili yasikupate. Chukua ndoo mbili za lita 20. Moja itoboe matundu ya upana wa penseli ubavuni na chini, kila baada ya upana wa vidole vinne. Isimamishe juu ya beseni la kupokea maji. Ya pili iwe ya akiba: weka humo majani makavu, boksi lililochanwachanwa, au maranda ya mbao isiyopakwa dawa. Watu hudharau hii ndoo ya pili, na ndiyo inayoamua kama utanuka au hutanuka. Vijidudu vinavyoozesha hutaka kaboni nyingi kutoka kwenye vikavu na nitrojeni kidogo kutoka kwenye maganda, takribani sehemu 25 hadi 30 kwa moja. Usipime. Kila konzi moja ya maganda, funika kwa konzi mbili au tatu za vikavu, na maganda yasionekane kamwe juu. Yakionekana, nzi wadogo watafika kabla hujafunga mlango.

Anza na tabaka la vikavu la urefu wa kiganja. Katakata maganda, bua zima la kabichi litakaa humo mpaka ulichoke. Kila siku tatu au nne ingiza mkono au koleo, geuza cha chini kije juu. Kisha kamata konzi moja uikamue. Iwe kama kitambaa kilichokamuliwa: kina unyevu, hakitoi zaidi ya tone moja. Kikitiririka, ongeza boksi. Kikisambaratika kama vumbi, nyunyiza maji. Harufu kali ya mkojo maana yake maganda yamezidi. Harufu ya yai viza maana yake hewa haifiki, basi geuza na ongeza vikavu siku hiyohiyo.

Ndoo ni ndogo mno kupata joto la lundo kubwa la shambani, ambalo hupita nyuzi 55 na kuua mbegu na vimelea. Ndiyo sababu usitie nyama, samaki, mafuta wala mmea wenye ugonjwa. Mbegu za nyanya zitaota, usishangae. Maganda ya mayai yasage kwanza. Baada ya miezi mitatu au minne utakuwa na kitu cheusi chenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Changanya kipimo kimoja chake na viwili au vitatu vya udongo.

Na cha kupanda? Usijaribu kulima kila kitu. Panda kile kinachooza haraka na unachotumia kidogokidogo. Mimi nina vitunguu vya majani: nikishavitumia naacha kipande cha chini chenye mizizi, urefu wa kidole kimoja, nakisimamisha kwenye glasi yenye maji yanayofunika mizizi tu. Kesho yake kijani kinaanza kuchungulia katikati kama ulimi. Nabadilisha maji kila baada ya siku mbili, nakata mara mbili, kisha nakizika kwenye mkebe wenye mboji kwa sababu maji matupu hayana cha kukilisha. Roshani ya saa tatu au nne za jua inatosha mboga za majani. Nyanya zinataka sita au zaidi. Kumbuka pia uzito: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hupita kilo 30. Zipange karibu na ukuta wa nyumba, si ukingoni.

Mama wa ghorofa ya chini siku hizi ananiletea maganda yake kwenye bakuli la bati, naye hupata mboji ya maua yake. Juzi alichanganya na miiba ya samaki, ameifunika kwa ganda la ndizi akidhani sitaiona. Bakuli nimemrudishia na miiba yake ndani.