Kupata Silent Assassin kwenye Hitman: panga kwanza mwili utalala wapi

Mchezaji anayekwama kwenye Hitman: World of Assassination mara nyingi hakosi shabaha wala ujasiri. Anammaliza mlengwa vizuri, halafu dakika mbili baadaye mhudumu anafungua mlango, anakuta mtu amelala sakafuni, na alama ya Silent Assassin, ile inayotolewa kwa kumaliza misheni bila kosa lolote, inapotea. Kwenye gemu hili kuua ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye mwili. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho: unachagua kwanza mahali mwili utakapokaa, kisha njia ya kumfikisha mlengwa pale, na silaha inakuja mwisho kabisa.

Mifano mingi hapa ni ya Paris, ndani ya Palais de Walewska, misheni iliyotoka Machi 2016. Ni kubwa, ina watu wengi, na karibu kila kanuni ya gemu inaonekana mle ndani.

Kabla ya yote, elewa masharti

Silent Assassin inadai mambo manne kwa pamoja. Wafe walengwa tu, asife mtu mwingine. Usionekane ukifanya kosa. Mwili wowote usigunduliwe. Na kama kamera imekunasa, uharibu ushahidi wake kabla ya kuondoka.

Sharti la tatu ndilo linalosomwa vibaya. "Mwili wowote" maana yake hata mlinzi uliyemkaba akazirai. Hajafa, lakini akikutwa, umeharibu. Mtu aliyezirai haamki mwenyewe hata ukimwacha nusu saa. Anaamka pale tu mwenzake anapomkuta na kumwamsha. Kwa hiyo usihofu saa, hofia wapita njia.

Kuna msamaha mmoja, nao ni mkubwa: mlengwa aliyekufa kwa ajali au kwa sumu anaweza kukutwa bila wewe kupoteza kitu. Watu watapiga kelele, walinzi watakuja, na alama yako itabaki. Hapo ndipo mpango mzima unapoegemea.

Hatua ya 1: Tengeneza mazingira ya kujifunzia

Anza na kiwango cha ugumu cha Professional. Casual inasamehe mambo mengi kiasi kwamba utajenga tabia mbaya, na Master inakupa nafasi moja tu ya kuhifadhi kwa misheni nzima, inaongeza kamera na watu wa kukutambua, na ukiua kwa namna inayomwaga damu, nguo za marehemu hazivaliki tena. Master iache mpaka uijue ramani.

Mara ya kwanza washa maelekezo ya Mission Stories (hadithi za gemu zinazokuongoza hatua kwa hatua hadi kwa mlengwa) kwa ukamilifu, ufuate hadithi moja hadi mwisho ili ujue vyumba. Mara ya pili yazime. Yakiwa yamewaka, macho yanafuata alama ya kwenye skrini na hutaona njia za pembeni, na njia za pembeni ndizo zenye makabati.

Hifadhi mchezo kabla ya kila jambo la hatari, kila mara kwenye nafasi mpya. Usihifadhi wakati kuna mtu ameanza kukushuku, maana ukirudi utarudi palepale akiwa bado anakukodolea macho.

Hatua ya 2: Mfuate mlengwa mzunguko mzima bila kugusa kitu

Walengwa wanatembea kwa ratiba inayojirudia. Washa Instinct: mlengwa anaonekana mwekundu hata nyuma ya ukuta, na vitu vya kutumia vinang'aa. Mfuate kwa mbali mpaka arudi pale ulipomwonea mara ya kwanza. Ndiyo, ni dakika nyingi. Wenye pupa wanaruka hatua hii, kisha wanalaumu bahati.

Unapomfuata, usikariri njia yake yote. Tafuta majibu matatu. Ni wapi anasimama? Ni wapi mlinzi wake anabaki nyuma au anageukia upande mwingine? Na ni wapi anagusa kitu: glasi, ukingo wa baraza, swichi, sinki? Sehemu yenye majibu mawili kati ya haya ndiyo ya kufanyia kazi.

Kwa Paris, walengwa ni wawili na hawakai pamoja. Viktor Novikov, mwenye chapa ya mitindo ya Sanguine, anazunguka zaidi chini kwenye onyesho, na ana mlinzi anayemganda. Dalia Margolis yuko juu, anaendesha mnada wa siri za kijasusi wa IAGO, mtandao wao wa ujasusi. Suti yako ya mwanzo inakubalika kwenye sehemu za wageni chini. Kupanda juu ni habari nyingine.

Hatua ya 3: Hesabu makabati kabla ya kuhesabu walinzi

Ukiwa na Instinct, tembea eneo ulilochagua na uangalie masanduku, majokofu na makabati. Sanduku moja linabeba miili miwili, basi. Wa tatu hana pa kwenda. Kwa hiyo chumba chenye watu watatu na sanduku moja si chumba cha kupigana. Ni chumba cha kumtoa mtu mmoja mmoja, au kukiacha kabisa.

Kumburuta mtu ni polepole, na ukiwa unamburuta huwezi kujifanya unapita tu. Kama kati ya pale utakapomkaba na pale sanduku lilipo kuna korido ya watu, badilisha pa kumkabia. Mvute akiwa hai aje karibu na sanduku. Sarafu ukiirusha, sauti yake inamvuta, nayo inafanya kazi hiyo kuliko mikono yako.

Hatua ya 4: Vaa nguo inayofungua mlango unaouhitaji, si nguo kubwa kuliko zote

Wengi hukimbilia sare ya ulinzi kwa kuwa inaingia kwingi. Tatizo ni kwamba kila sare ina watu wanaoijua. Mlinzi anawajua walinzi wenzake, mpishi anajua nani anafanya kazi jikoni kwake. Watu hao wana nukta nyeupe juu ya kichwa, hata kwenye ramani ndogo. Wengine wote hawana habari nawe.

Ukimwona mwenye nukta, una mambo matatu ya kufanya kwa utaratibu huu. Mpe mgongo au weka ukuta kati yenu. Anahitaji muda wa kukutazama mpaka alama ya shaka ijae. Kama lazima upite mbele yake, tafuta mahali pa kujichanganya na kazi: kupangusa kaunta, kusimama baa, kufagia. Ukiwa unafanya kazi hiyo hata mwenye nukta anakuacha. Mwisho, subiri aondoke. Kukimbia hakusaidii, kunavuta macho zaidi.

Tofautisha pia maeneo mawili. Pale unapoonywa kwamba umeingia pasiporuhusiwa, mlinzi atakuamuru utoke na kukusindikiza. Mtii tu, mambo yataisha. Eneo la uadui halina onyo, wanakushambulia.

Hatua ya 5: Mtenge mtu kwa sauti moja ndogo

Sarafu, redio, bomba la maji, kisanduku cha umeme. Vyote vinafanya jambo moja: mtu anakuja kuangalia. Kosa la kawaida ni kurusha sarafu katikati ya kundi. Irushe ukutani karibu na yule wa pembeni, nje ya macho ya wenzake, ili aliye karibu zaidi ndiye aitikie. Akiinama kuiokota, mgongo wake uko kwako.

Silaha iliyoachwa sakafuni nayo ni chambo, lakini cha aina yake. Mlinzi akiiona ataichukua na kuipeleka inakohifadhiwa, kwa hiyo inamwondoa mbali na kwa muda mrefu kuliko sarafu. Raia akiiona hataigusa, ataenda kuita mlinzi. Kwa hiyo usiiache penye wageni ukidhani unamtoa mtu mmoja, utajikuta umealika wawili.

Hatua ya 6: Ajali iwe chaguo la kwanza

Sasa rudi kwenye msamaha ule. Mlengwa akifa kwa ajali, hakuna mwili wa kuficha, na nusu ya mpango wako umejipa likizo. Ajali zinazotambuliwa ni pamoja na kumsukuma kutoka juu, kumzamisha, taa kubwa ya darini kumwangukia, umeme kwenye maji, na mtungi wa gesi kulipuka. Bomu lako mwenyewe si ajali, hata ukilificha vipi.

Vifaa vitatu vinatengeneza nyingi kati ya hizo, na vinapatikana ndani ya ramani zenyewe. Bisibisi inaanika nyaya. Spana inalegeza bomba. Mtaimbo unavunja mlango uliofungwa, ila unavunja kwa kelele.

Umeme kwenye maji unaponza wengi, na sababu ni moja: dimbwi halichagui. Ukianika waya karibu na maji kisha ukaondoka, mfagizi anayepita atakufa kabla ya mlengwa, na raia aliyekufa kwa ajali bado ni raia uliyemuua. Penye swichi, zima umeme kwanza, anika waya, kaa karibu na swichi, uwashe pale tu mlengwa anapokanyaga. Pasipo na swichi na penye wapita njia, achana nayo. Mtungi wa gesi una kasoro hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa mlipuko unafika mbali na walinzi wa mlengwa hawamwachi.

Hatua ya 7: Novikov, kwa karibu

Novikov ana kinywaji anachokipenda, Bare Knuckle Boxer, na hupita baa ya chini kwenye mzunguko wake. Hii ndiyo "glasi" uliyoitafuta kwenye hatua ya 2.

Pata kwanza sare ya wahudumu wa jumba. Mtafute mhudumu anayejitenga upande wa jikoni, mvute kwa sarafu hadi karibu na sanduku, mkabe, badilisha nguo, mfiche. Huyu ndiye mtu pekee unayepaswa kumgusa kwa upande wa Novikov. Ukiwa huko chini, tafuta sumu ya panya. Haiui, inamtapisha mtu. Na hiyo ndiyo unayoitaka, usiione kama sumu dhaifu.

Tafuta mapishi ya kinywaji, simama nyuma ya baa kama mhudumu, kichanganye, tia sumu ya panya, kisha usiondoke kwa haraka. Novikov akinywa atashika tumbo na kwenda kutapika. Hapa ndipo pa kuwa makini: mgonjwa huenda chooni au kwenye pipa la taka, na anayetapikia pipa hazamishwi. Kwa hiyo kagua mapema choo kiko wapi na ukitangulie, usimfuate nyuma kama kivuli mbele ya mlinzi wake.

Mlinzi ndiye fundo la mwisho. Kishawishi ni kumkaba. Usimkabe! Yeye si mlengwa, kwa hiyo akizirai atahitaji sanduku, na sanduku la karibu huenda halipo. Rusha sarafu nje ya choo, ajigeuze na kwenda kuangalia, uingie, umzamishe Novikov kwenye sinki la choo alipoinama, utoke kwa kutembea. Mwili uache hapohapo. Mlinzi akirudi na kumkuta, kwake hiyo ni ajali.

Zingatia jambo moja: ajali inasamehe mwili, haikusamehi wewe. Mtu yeyote akikuona ukimsukuma au ukimzamisha, huo ni uuaji ulioshuhudiwa.

Ukitumia sumu inayoua badala ya ya panya, unajiondolea choo, mlinzi na sarafu kwa pamoja. Anaanguka hapohapo, na sheria ya sumu inakulinda. Ni njia halali na rahisi zaidi. Lakini jifunze kwanza ile ndefu, kwa kuwa walengwa wa ramani nyingine watakulazimisha.

Hatua ya 8: Margolis

Kwake njia iliyonyooka ni mwanamitindo Helmut Kruger, anayefanana sana na Agent 47, mhusika unayemchezesha. Mvizie anapojitenga na watu kuzungumza na simu, umfiche, uvae nguo zake. Mavazi hayo yanakuruhusu kupita jukwaani kwenye onyesho, kisha kukutana na Margolis faraghani bila walinzi wake kukaa chumbani.

Faragha hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Kwa kuwa hapa huna ajali ya uhakika, tumia waya wa kunyongea: unaua kimya, na mwili unaanza kuuburuta papo hapo bila kuushika upya. Ila uwe umeshajua sanduku liko wapi kabla ya kufunga mlango.

Hatua ya 9: Kamera, kisha mlango

Kuipiga kamera risasi kunaizuia isikunase tena, lakini hakufuti ilichokwisha kurekodi. Kama ujumbe wa kunaswa umetokea, tafuta chumba cha ulinzi chenye mashine ya kurekodia uifute au uiharibu. Ifanye kazi hii kabla ya kumgusa mlengwa wa pili, jumba likiwa bado tulivu.

Toka kwa kutembea. Baadhi ya njia za kutokea zinahitaji ufunguo, kwa hiyo fungua ramani mapema uchague iliyo karibu na mlengwa wa mwisho. Kama wote uliowaficha bado wako sandukuni na hakuna aliyekushuku, lango la mbele ulilowasili nalo linatosha.